Fundi Aliyeandikwa Mfagiaji

Mkereza hunywa chai ya asubuhi akiwa amesimama. Mkewe hulalamika, naye hujibu kwamba chuma hakina subira. Walitoka nchi jirani miaka miwili iliyopita, yeye, mkewe na binti yao. Kazi yake ni kukereza: chuma kinazunguka kwenye mashine, yeye anakichonga mpaka kinakuwa shafti ya pampu au bolti ya trekta. Mafundi wa namna hiyo mjini ni wa kuhesabu.

Asubuhi hiyo mkewe alikuwa na shida.

"Shule inataka nakala ya kibali chako cha kazi," alisema. "Bila hiyo mtoto haandikishwi mtihani. Pasipoti yako iko wapi?"

"Kwa bosi. Kibali kimebandikwa humo humo. Anaitunza kwenye droo."

"Miaka miwili? Kwani sisi hatuna kabati?"

Mkereza akamaliza chai, akatoka kwenda kazini. Mkewe akamfuata hadi karakana.

Bosi, ambaye watu wote walimwita Spana, alifungua droo kwa kusitasita. "Irudi leo hii, shemeji. Vitu hivi vikipotea ni balaa."

Mke wa Mkereza akavuka barabara hadi duka la Mama Fotokopi. Kabla ya kustaafu, mama huyo alifanya kazi ofisi ya vibali miaka ishirini. Hata sasa hanakili karatasi kabla hajaisoma.

"Mumeo anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Mkereza vyuma. Si unaisikia mashine yake kutwa?"

"Hapa wameandika mfagiaji."

Mke wa Mkereza akainyakua pasipoti, akasoma mwenyewe. Akasoma tena.

"Na kibali kimebakiza siku arobaini," Mama Fotokopi aliendelea. "Hakitaongezwa. Sheria imebadilika mwaka huu. Mgeni hapewi tena kazi isiyohitaji ujuzi. Kwa karatasi hii, mumeo atatakiwa kuondoka nchini. Na nyinyi mtamfuata."

Akafunga duka. Wakavuka barabara pamoja.

"Spana, nani alijaza fomu hii?" Mama Fotokopi aliuliza mlangoni.

"Mimi. Kuna nini?"

"Kuna uongo."

"Mama, usinivunjie heshima kwangu. Fomu ya fundi ilitaka vyeti, mkataba, mambo chungu nzima. Ya mfagiaji ilipita kwa wiki moja. Kila mtu hufanya hivyo. Ikibidi safari hii tutaandika mlinzi."

"Mlinzi?" mke wa Mkereza alisema. "Mume wangu ana cheti, ana miaka kumi na moja ya kazi. Wateja wako wanamfuata yeye, wewe hawakujui. Halafu kwa uvivu wako ukamfanya mfagiaji. Sasa mwanangu atolewe shule kwa ajili yako?"

"Shemeji, punguza sauti. Kuna wateja."

"Na wasikie."

Mkereza akazima mashine. Hakuna aliyewahi kumsikia akigomba.

"Uliniambia nitie sahihi, nikatia," alimwambia Spana. "Ukaniambia niache pasipoti, nikaacha. Kumbe miaka miwili naishi hapa kama mtu mwingine. Mkaguzi angeingia, angemkamata nani?"

"Wote wawili," Mama Fotokopi alimwambia Spana. "Yeye angefukuzwa nchini, wewe ungezuiwa kuajiri mgeni yeyote. Na kumfungia mtu pasipoti yake ni kosa jingine. Ni mali yake. Wewe unaweka nakala."

"Basi tumwone karani fulani, tumpe kitu kidogo..."

"Thubutu. Nitakushtaki mimi mwenyewe."

Spana akakaa juu ya debe. "Haya, nifanye nini?"

"Kesho asubuhi nenda ofisini ukiri kabla hawajakufuata. Andika kwamba kosa ni lako, si lake. Kisha omba kibali cha fundi. Tangaza kazi hiyo kwanza, ionekane kama yupo mwenyeji anayeiweza. Mkataba utaje kazi yake ya kweli na mshahara wa fundi. Vyeti vyake vipelekwe chuo cha ufundi, naye apimwe. Na mpaka jibu litoke, asiiguse mashine."

"Asiiguse? Nina oda za watu!"

"Ungezifikiria ulipokuwa unajaza fomu. Na mshahara wake unaendelea."

Mashine ikanyamaza siku ishirini na tisa. Spana alipoteza wateja wawili, akalipa faini, akapewa onyo la maandishi. Alilaani ofisi, akamlaani Mama Fotokopi, mwisho akachoka. Tangazo lake lilileta watu watatu. Hakuna aliyejua kukereza, lakini mmoja, dada aliyezoea kuchomelea mageti, alitaka kujifunza. Akaajiriwa afundishwe na Mkereza, jambo ambalo sheria mpya inalitaka pia.

Chuoni Mkereza alipewa kipande cha chuma na mchoro. Mpimaji alipima kazi yake, akapima tena, kisha akauliza, "Umesomea wapi wewe?"

Kibali kipya kilitoka cha zamani kikiwa kimebakiza siku kumi na moja. Kimeandikwa: Fundi Mkereza. Binti akaandikishwa mtihani siku mbili kabla ya muda kwisha.

Spana akamwendea mke wa Mkereza. "Shemeji, sasa yameisha?"

"Kwa ofisi yameisha. Kwangu bado. Mtaa huu una mafundi wengine walioandikwa uongo, na mabosi wao ni rafiki zako. Nenda kawaambie."

"Watanicheka."

"Wakucheke."

Akaenda mchana huo huo. Mwenye karakana ya kwanza alimcheka kweli, akasema Spana amekuwa mwoga uzeeni.

"Cheka," Spana alimjibu kwa hasira. "Lakini toa kwanza kibali cha fundi wako, tusome pamoja. Zimebaki siku ngapi?"

Yule bwana akaacha kucheka, akaanza kutafuta.