Aliyehamia Juu ya Dari

Kigae kimoja cha dari kilikuwa kimeinama. Ruweyda ndiye aliyekiona, alipokuwa akipanga vikombe sebuleni: kimeshuka kidogo katikati, kama godoro lililokaliwa. Akamwita mumewe. Dagane akakisukuma kwa mpini wa ufagio, kikarudi mahali pake. Alipoushusha ufagio, kitu huko juu kikakibonyeza tena, polepole, bila haraka yoyote.

"Panya," Dagane akasema.

"Panya gani mzito hivyo?" Ruweyda akanong'ona.

Dari ile ilikuwa fahari ya Dagane. Majirani walikuwa na sofbodi, au plaiwudi ya kupigiliwa misumari, wengine mabati matupu, na fundi Mutiso alimshauri achague mojawapo ya hizo. Lakini Dagane alishaanza kuonja ukubwa, si unajua tena, akataka ya ofisini.

"Weka ile ya benki, bana," alimwambia fundi. "Ile inaning'inia. Hii ya misumari ni ya watu ya duka."

Mutiso akaning'iniza fremu za aluminiamu, akaacha nafasi kubwa chini ya mabati, akapanga vigae vyeupe ambavyo mtu huweza kuinua kimoja kwa mkono na kukirudisha. Nafasi hiyo ndiyo iliyomponza Dagane.

Mama yake, Shamis, alikuja Garissa baada ya mvua za El Niño kumaliza mifugo yake kule Modogashe. Alibaki na ngamia mmoja, na ngamia huyo alibeba nyumba nzima: miti ya kupinda, na mikeka aliyosukiwa na mama na shangazi zake alipoolewa. Nyumba hiyo, aqal, ni mali ya mwanamke. Mume hulala humo kwa hisani yake. Shamis akaisimamisha uani kwa mwanawe. Wakubwa waliomtembelea Dagane wakawa wanaichungulia na kutabasamu, naye akaona haya kama mtu aliyevuliwa nguo.

Siku mama alipokwenda Masalani kumjulia hali nduguye, Dagane akaibomoa. Miti aliigeuza kuni. Mikeka hakuthubutu kuichoma, maana alizaliwa juu yake. Akaificha juu ya dari. Mama aliporudi alimwambia imeliwa na mchwa.

Shamis alimtazama sana. "Na mgeni wangu je?" akauliza.

Dagane akajifanya hakusikia, ingawa alijua fika. Tangu alipokuwa mtoto, kila Alhamisi alasiri, ndani ya aqal, mama alimfukizia ubani mgeni huyo, jini asiyeonekana aliyerithiwa kutoka kwa bibi. Sasa mama alilala chumba cha nyuma, na wageni wakija mlango wake ulifungwa.

Baada ya kigae kuinama, ukaja ubani. Hakuna aliyefukiza, lakini harufu ilishuka kutoka darini. Kisha Ijumaa moja Dagane alikuwa anakula mchana na wakubwa wake, anacheka kicheko cha kujipendekeza, mara vigae vya pembeni vikaanza kuinama kimoja baada ya kingine, kana kwamba mtu anatembea juu yavyo na hana shida ya kujulikana, vikapita juu ya sahani ya nyama, vikapita juu ya wageni walioacha kutafuna, hadi juu ya kiti cha Dagane, pakatulia, na majivu ya moto ya ubani yakamwagika taratibu kwenye wali wake.

"Kuna nani juu?" mkubwa mmoja akauliza kwa sauti ndogo.

"Panya," Dagane akasema tena, na huko juu mtu akakohoa.

Wageni waliondoka bila kunawa mikono.

Sheikh Dubow aliitwa. Akasoma na kusoma, jasho likamtoka. "Kuna nini huko?" akauliza.

"Nyaya tu, sheikh."

Dari yote ikashuka kwa pamoja hadi fremu zikalia. Ruweyda akaziba mdomo.

"Mimi nasoma, wewe unadanganya," sheikh akanong'ona. "Sema, wallahi, kabla hatujafunikwa humu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Dagane hakuweza kumtazama.

"Ni mikeka ya mama," akasema. "Haikuliwa na mchwa. Niliionea haya. Nilimwonea haya mama."

Dari ikanyanyuka. Upepo wenye ubani ukapita katikati yao, ukatoka nje. Siku hiyo hiyo Dagane akaishusha mikeka, akatafuta miti mipya, akaisimamisha aqal kwa mikono yake, na Shamis akaingia.

Kesho yake alasiri Dagane alimpelekea chai ya maziwa ya ngamia. Alitaka jambo moja tu, asamehewe na aitwe tena mwana. Nje ya aqal akasikia mama akizungumza na mtu.

"Hooyo," akamwita mama yake, "ni mimi Dagane. Nimekuja kuomba msamaha."

"Dagane ameshaomba," mama akajibu kwa upole. "Nimeshamsamehe. Amelala hapa, kichwa chake pajani pangu."

Na humo ndani sauti ya Dagane mwenyewe, ile ile, yenye usingizi, ikauliza, "Nani huyo, hooyo?"

"Sijui, mwanangu. Mtu wa ile nyumba kubwa."

Dagane akashika mkeka wa mlangoni ili aingie, akaona haya, akauachia.