Saa ya Mkononi ya Ferista

Soko la Tunduma lilikuwa limefurika, malori yakipiga honi kuelekea mpakani, na Ferista alikuwa ameinamia cherehani, gauni la kitenge cha manjano limemkaa hadi wauza nyanya wakasahau kurudisha chenji. Ghafla suruali nzito ya mashindano, imechanika goti, ikatua mbele yake.

"Nani kakutafuna?" aliuliza bila kuinua uso.

"Njia ya vumbi na matuta, fundi."

Alipoinua uso, kwisha habari yake. Kijana mrefu, kovu dogo kidevuni, macho ya uchokozi. Jina lake Rabson, na kazi yake kushindana kwa pikipiki. Timu moja ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ilimlipa mshahara.

"Kwa hiyo unalipwa kuanguka?"

"Nalipwa kuamka haraka."

Suruali ile ilichanika mara tano katika miezi miwili, na Ferista hakuwa mjinga: ile ya tatu ilikatwa kwa wembe. Alishona tu, akicheka kimoyomoyo. Na kila jioni simu iliita.

"Umekula, fundi wangu?"

"Umeanguka?"

"Mara moja tu."

"Basi nimekula."

Kikwazo kilikuwa baba. Mzee Samwel, mkulima wa kahawa wa Iyula, alikuwa ameapa kwamba binti yake haolewi na mtu wa pikipiki. Ferista alimbembeleza mwezi mzima, hadi mzee akakubali kushuka Tunduma Jumamosi moja, saa nane kamili, amsikilize kijana.

Saa nane ikafika, Rabson hayupo. Saa nane na nusu mzee akavaa kofia yake. "Mwanangu, mtu anayehesabu sekunde anashindwaje kuhesabu saa?" Akapanda gari, akarudi zake.

Rabson alitokea saa tisa, shati jeupe limenyooka kwa pasi. "Nimewahi, eti?"

Neno hilo lilimwasha Ferista. Akamfungia mlango, akazima na simu.

Suruali ya Rabson ilibaki kwake. Wiki iliyofuata yalikuwa mashindano Nakonde, saa nane mchana. Aliumia kwa hamu ya sauti yake, lakini kiburi nacho kina nguvu. Akapanga afike mbio zimeshaanza, aiache getini, asiuone uso ule.

Saa nane na dakika ishirini, kwa saa ya mkononi aliyonunuliwa na baba alipohitimu ushonaji, akafika. Wa kwanza kumwona alikuwa Rabson, amekaa juu ya ndoo, amevaa suruali ya kuazima ya mtu mnene, imefungwa kwa kamba.

"Mbona hamjaanza?"

"Bado dakika arobaini."

"Saa nane imeshapita!" Akamwonyesha saa. Rabson akamwonyesha simu: saa saba na ishirini.

Ferista akaduwaa. Ng'ambo ile saa iko nyuma kwa saa moja. Kila mtoto wa Tunduma analijua hilo, na bado linawaponza wakubwa. Jumamosi ile Rabson alikuwa ametoka mazoezini Nakonde, simu yake bado ikisoma saa za mtandao wa huko.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeuambia mlango?"

Ferista akacheka hadi akatokwa machozi, kisha akaivua saa yake na kumfungia mkononi. "Hii haifuati mtandao. Ukiipoteza, na mimi umenipoteza."

Rabson alishika nafasi ya pili, magoti yote mazima.

Ferista alimweleza baba kisa chote, akapewa nafasi moja ya mwisho: Iyula, Jumamosi, saa nne asubuhi. Saa tatu kamili pikipiki ikanguruma uani, mshenga Felix akitetemeka nyuma. Mzee Samwel akachomoza bafuni na taulo, sabuni masikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Si tulisema saa nne?"

"Ndiyo, baba. Ile saa yako moja, nimeirudisha."

Mzee akamtazama, akaitazama na saa aliyoinunua mwenyewe, ikimbana kijana mkononi.

"Ferista! Wape wageni viti. Na mimi niletee shati, siwezi kupokea posa nikiwa na taulo."