Jicho la Kushoto

Haya, mjukuu, nikutegee. Nyumba yangu ilikuwa baharini, sasa nalala mlimani. Macho ninayo, lakini sijawahi kumwona hata punda anayepita mbele yangu. Mimi ni nani? Ukisema samaki, nipe mji. Ukisema kaa, nipe mji wa pili. Mimi ni trilobiti, mdudu wa bahari ya kale aliyegeuka jiwe. Hapa kwetu, nje kidogo ya mji wa Alnif, maji ya kunywa tunayabeba kwa punda, lakini wadudu wa bahari wamejaa milimani.

Wanaume wa kijiji huwachimba na kuwauza. Tuda, binti wa mwanangu Bassou, hauzi. Yeye huwakusanya tu, apate kuwajua kwa majina. Kila Jumamosi, akishapeleka mkate tanurini, humfuata baba yake chimboni pamoja na rafiki yake Ijja.

"Wewe Tuda utaolewa na nyundo," Ijja humtania.

"Na wewe utakuwa mke mwenzangu," Tuda hujibu.

Shuleni kwao kuna kabati la kioo. Mwalimu wa sayansi, Lalla Izza, huweka humo mawe mazuri, na kila jiwe hubandikwa kikaratasi chenye jina la aina yake na jina la mtoto aliyelipata. Ijja alikuwa na mawe yake kadhaa humo, mengi yao ya trilobiti wa aina iitwayo fakopsi, wenye macho makubwa kama ya chura, kila jicho limejaa vijicho vidogo vidogo. Tuda hakuwa na hata moja. Yake yote yalikuwa vipande: mkia huku, mbavu kule. Alitamani jina lake nalo likae nyuma ya kile kioo.

Jumamosi moja akapiga nyundo jiwe la mviringo, likapasuka katikati. Ndani amelala trilobiti, mgongo juu!

"Baba! Mzima! Huyu mzima!"

Sasa, hapa kwetu hata mtoto mdogo anajua: jiwe likipasuka, vipande vyote viwili vinafungwa pamoja kwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu, kwa sababu kinachokosekana huku huwa kimenatia kule. Tuda alijua vizuri sana. Lakini furaha ilimpanda kichwani. Akakifunga kile kipande chenye mdudu kwenye mtandio, cha pili akakitupa, mbio nyumbani.

Alipokuwa akikisafisha kwa brashi, mkono ukasimama. Jicho la kulia lilikuwa limesagika. La kushoto halikuwepo kabisa, palikuwa na shimo tu.

Angeweza kurudi chimboni. Badala yake akaingia kwenye karakana ya baba yake. Huko Bassou huchanganya vumbi la mawe na gundi, akaziba nyufa za mawe ya mapambo wanayonunua wasafiri. Tuda akachukua kidonge cha mchanganyiko huo, akafinyanga jicho, akalichoma kwa sindano kabla halijakauka, tundu baada ya tundu, kwa mistari iliyonyooka kama mshono. Akalipaka rangi ya kiatu. Hata mimi bibi yake nilipoonyeshwa, nilipiga vigelegele.

Jumatatu Lalla Izza aliliweka lile jiwe chini ya kioo cha kukuzia. Akalitazama, akalitazama tena.

"Tuda! Trilobiti wote tulio nao, vijicho vyao vimepangwa mshazari kama sega la nyuki. Wako vimenyooka! Huyu ni wa aina gani?"

Tuda alitazama viatu vyake. "Sijui, Lalla."

"Hata mimi sijui! Basi nafasi ya jina la aina tuiache wazi kwanza."

Jiwe likawekwa katikati ya kabati. Watoto wakabandika pua kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu. Jina la Tuda likasomwa na shule nzima, naye akatembea kifua mbele siku hiyo na ya pili yake.

Alhamisi aliingia darasani akamkuta Lalla Izza anatoa mawe ya Ijja kabatini, anabandua vikaratasi.

"Kama kuna aina nyingine hapa kwetu, huenda haya nayo tuliyapa majina vibaya," alisema mwalimu. "Tutaanza upya."

Ijja aliyarudisha mawe yake kwenye mfuko mmoja mmoja. "Majina yale niliyatafuta mwenyewe kitabuni," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akamgeukia Tuda. "Lakini wako ni mzuri, siwezi kukataa."

Afadhali angemtukana.

Jioni tulikaa kula. Tuda alichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni, akauacha hapo hapo.

"Mkate umekukosea nini?" Bassou akauliza.

Ndipo akasema yote, machozi yakidondokea sahani. Bassou akanywa chai yake ya mnanaa polepole.

"Gundi ya kopo la buluu?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi nilipoona imepungua nilimshuku paka! Kesho utakwenda kwa mwalimu."

"Baba, nianze na chimboni. Nikikipata kile kipande cha pili nitakuwa na kitu cha kumpa."

"Na ukikikosa? Utanyamaza?"



Asubuhi Tuda alimweleza Lalla Izza yote, Ijja akiwa amesimama palepale. Mwalimu alivuta kiti, akakaa.

"Nilikwisha kumpigia simu mtaalamu wa chuo kikuu," alisema. "Sasa itabidi nimpigie tena, nimwambie si kweli."

"Samahani, Lalla."

Ijja alikuwa amekunja mikono. "Yaani uliniangalia nikifungasha mawe yangu, ukanyamaza?"

"Ndiyo. Nisamehe, Ijja."

"Majina yangu utayabandika wewe. Yote! Na usiyapindishe."

"Nitayabandika."

Siku ya pili yake, Jumamosi, Tuda, Ijja na Lalla Izza walipanda chimboni pamoja na Bassou, kukitafuta kile kipande cha pili. Kifusi kilikuwa kimemwagwa juu ya kifusi. Walipindua mawe mpaka kucha zikawa nyeupe kwa vumbi.

"Si ungetupa karibu kidogo?" Ijja alinung'unika. Baadaye akainua kibonge. "Hebu tazameni, hiki si kina shimo kama bakuli?"

Tuda akakipachika juu ya kipande chake. Kikaingia kama kifuniko kwenye chungu chake. Na kule ndani ya bakuli, kidogo kama punje ya dengu, jicho lilikuwa limenatia.

Karakanani Bassou alikwangua jicho la uongo, akalitoa lile la kweli kwa ncha ya sindano, akalirudisha mahali pake kwa tone la gundi.

"Gundi tena?" Ijja akashangaa.

Bassou akacheka. "Mimi najaza mawe kila siku, binti yangu. Lakini mnunuzi namwonyesha: hapa jiwe, hapa mkono wangu. Kujaza si kosa. Kosa ni kunyamaza, kwa maana wenzako wanaanza kujenga juu ya kitu ambacho hakipo. Tuda, ulitengeneza jicho moja tu. Tazama, mawe ya mwenzako yote yakapoteza majina."

Jumatatu Tuda alibandika vikaratasi vya Ijja, akavinyoosha kwa kidole. Kisha Lalla Izza akaandika kwenye kikaratasi cha jiwe la Tuda: *Jicho limerudishwa kwa gundi.* Nafasi ya aina akaiacha. Hakulitazama jiwe, alimpa Tuda kioo cha kukuzia.

"Swali langu nilikuuliza, ukasema hujui. Huyu ni wa aina gani?"

Tuda akainama juu ya jiwe. Vijicho vilipanda mshazari, vimebanana kama sega la nyuki. Akavifuata kwa kioo kutoka juu hadi chini, bila haraka. Alipoinua uso, alikuwa anatabasamu.

"Ni fakopsi, Lalla," akasema. "Wa kawaida kabisa. Kama wale wa Ijja."