Nyumba Iliyojipasha Joto

"Kuna mtu chumbani kwangu," Lesia alisema.

Wendell alikuwa anamimina shira juu ya chapati za maji, kifungua kinywa cha kila Jumapili kwenye ukumbi wa wastaafu pale Mesa, Arizona. Mkono ukasimama hewani.

"Chumba kipi? Si nimetoka kukupitia sasa hivi?"

"Si hapa. Dauphin. Nyumbani."

Akamsogezea simu. Nyumba ya Dauphin, kule Manitoba, jimbo la baridi la kaskazini, ilikuwa imefungwa tangu Oktoba, Lesia alipokimbilia jua la Arizona pamoja na wenzake wote wenye mifupa inayouma. Aliiacha kwenye digrii kumi na mbili, joto la kuzuia mabomba yasipasuke, basi. Sasa simu ilionyesha ishirini na sita. Na pembeni ya maneno "chumba cha kulala" kulikuwa na kipicha kidogo cha mtu, ambacho huwaka pale tu kidude cha ukutani kinapohisi kwamba ndani kuna mtu. Kilikuwa kimewaka.

"Panya," Wendell alisema.

"Panya gani anajua kuongeza joto?"

"Basi ni kampuni ya umeme. Si ulikubali waguse joto lako?"

Kweli alikubali. Kampuni ilimrudishia nusu ya bei ya kidhibiti joto na vidude vyake vya kila chumba, kwa sharti kwamba siku za baridi ya kuua, umeme unapogombewa na mji mzima, wao wenyewe wamshushie joto kutoka mbali. Nusu bei ni nusu bei. Lesia alipokea kwa mikono miwili.

"Kampuni inashusha, Wendell. Haijawahi kumpandishia mtu. Huruma hiyo hawana."

"Na Orest je? Kisheria bado ni mumeo."

Lesia akacheka, ingawa mgongo ulishaanza kumsisimka.

"Orest nyumba ikifika ishirini anafungua dirisha. Nitajie mtu mwingine yeyote, hata marehemu mama yangu. Lakini si Orest."

Hapo hakutia chumvi. Ndoa yao yote ilikuwa ugomvi mmoja tu, mrefu kama majira ya baridi ya kwao: yeye anapandisha, Orest anashusha. Kila alipolalamika alijibiwa maneno mawili, "Vaa sweta." Mwaka aliopungukiwa damu, akawa anatetemeka chini ya mablanketi matatu, Orest alipita karibu na kitanda, akashusha mpaka kumi na saba, akasema hayo hayo. Lesia alipopata nguvu za kusimama alimwambia aondoke. Orest akaondoka kweli, bila neno, akahamia kwenye kibanda chake cha uvuvi kando ya ziwa. Karatasi za talaka zilikuwa kwa wakili. Wendell, mgane wa watu kutoka Saskatchewan, jimbo jirani, mpole, mcheza dansi mzuri, alishamchumbia. Kilichobaki ni Lesia kupiga saini, na alikuwa ameahidi kupiga kabla mwaka haujaisha.

Alimpigia Doreen, jirani yake wa kule Dauphin, aende akaangalie. Doreen alipiga baadaye, sauti imemkauka.

"Shoga, nimezunguka nyumba nzima. Theluji imelala vilevile ilivyoanguka. Hakuna hata unyayo wa paka."

"Umeingia ndani?"

"Nimeingia."

"Doreen, sema basi."

"Kuna joto kama jikoni siku ya kuoka mikate. Kitanda chako kimetandikwa. Hakuna mtu, Lesia. Ila sikutaka kukaa mle."

Lesia akashusha kwa simu mpaka kumi na mbili. Hajamaliza kuosha vyombo, ikawa ishirini na sita tena. Akashusha. Ikapanda. Jumatatu nzima alishinda hivyo, kidole kwenye simu, akibishana na kitu asichokijua. Kilichomtisha zaidi ni kwamba ule ulikuwa ugomvi wake mwenyewe wa miaka yote, ila safari hii aliyekuwa anashusha ni yeye.

Kuanzia Jumanne mambo yakageuka. Kile kipicha cha mtu, kilichokuwa kimeganda chumbani, kikaanza kutembea. Kinazimika chumbani, kinawaka jikoni. Kinakaa jikoni kitambo, kinarudi chumbani. Mwendo wa mtu anayejifanyia chai. Na Doreen naye akaanza kuwa na haraka.

"Umepita leo?" Lesia alimuuliza.

"Nimepita. Sijaona kitu."

"Joto bado lipo?"

"Lesia, nina keki kwenye oveni. Tutaongea."

Alhamisi baridi kali iliishukia Manitoba, baridi ile ambayo mate yanaganda kabla hayajafika chini. Ujumbe wa kampuni ukaingia kwenye simu ya Lesia: "Asante kwa kutusaidia leo. Tumeshusha joto la nyumba yako kidogo." Lesia na Wendell waliangalia namba ikishuka. Haikuchukua muda, ikapanda tena.

"Anabishana hadi na kampuni," Wendell alisema.

"Nimechoka, Wendell. Mwili wote unaniuma kwa hofu."

"Basi mfungie. Si kuna namba ya siri? Weka, asiweze kugusa."

Lesia akapiga moyo konde. Akaweka kumi na mbili, akafunga kwa namba ya siri.

"Kama ni mwizi, atatoka mwenyewe," alisema. "Kama ni jini, baridi haimuui. Acha agande."

Asubuhi ya Ijumaa walikaa nje juani, vikombe mkononi. Nyumba ilikuwa kumi na mbili, imetulia. Wendell akatabasamu, akidhani wameshinda. Lesia hakutabasamu.

"Yupo," alisema. "Chumbani. Hajatoka tangu jana."

"Jikoni hajaenda?"

"Hajaenda popote."

Wendell akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

"Ile simu ya mezani bado ipo?"

"Ipo, karibu na kitanda."

"Ipigie. Kama ni mtu, atapokea."

"Na kama si mtu?"

Wendell akamsogezea simu. Lesia akapiga. Simu ililia sana upande wa pili, katika nyumba iliyofungwa, na kila mlio ulimkwangua moyo. Kisha ikapokelewa.

Kulikuwa na pumzi tu, nyembamba, zikiingia na kutoka kwa taabu.

"Nani wewe?" Lesia aliuliza. "Unafanya nini nyumbani kwangu?"

Pumzi.

"Nitaita polisi. Unanisikia? Nani wewe?"

"Kuna baridi, Lesia."

Hakuitambua sauti mara moja. Aliijua kila namna ya sauti ile, ya hasira, ya usingizi, ya kanisani, lakini hakuwahi hata siku moja kuisikia ikitamka maneno hayo. Ndiyo maana ilimchukua muda kuelewa.

"Orest?"

"Kuna baridi. Nisamehe. Kuna baridi sana."

Upande wa pili kitu kikaanguka, halafu simu ikawa kimya. Lesia akaingiza ile namba ya siri, akakosea, akarudia, akapandisha mpaka ishirini na sita. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye kioo cha simu.

"Ni nani?" Wendell aliuliza.

"Mume wangu. Nimemgandisha mume wangu."

Wendell akaweka kikombe chini taratibu. Muda wote waliokuwa pamoja, Lesia hakuwahi kumwita Orest "mume wangu".

Doreen alipopokea simu alikuwa kwa binti yake, mji wa Brandon, barabara zimefungwa. Alipoambiwa kilichotokea alilia kabla hajasema neno.

"Nampigia mwanangu aende na trekta sasa hivi. Lesia, aliniapisha. Ana saratani ya tumbo. Wamempasua, sasa wanamwekea dawa za kwenye mshipa, hawezi hata kupasua kuni. Kule kibandani angekufa."

"Ukaniangalia napata wazimu, ukaniambia keki iko kwenye oveni?"

"Nilikosa. Nimekosa sana, shoga."

"Tangu lini yumo mle?"

"Nilimleta Jumanne, kutoka hospitali."

"Na Jumapili?"

Doreen akashusha sauti.

"Jumapili alikuwa wodini, na Jumatatu pia. Nilikwambia kweli, Lesia. Hakukuwa na mtu."

Nani alisubiri kufikiria hilo? Lesia alimwachia Doreen namba ya Wendell, akatupa nguo kwenye begi. Wendell alimpeleka uwanja wa ndege, akambebea begi mpaka mlangoni, akambusu kwenye paji la uso. Alipotua Winnipeg alikuta ujumbe wake: "Jirani yako amenipigia. Kijana wake amemkuta hai, amempa chai ya moto. Usikimbize gari barafuni. Na usihangaike kunitafutia maneno, Lesia. Nilisikia ulivyomwita." Aliusoma mara mbili, akaona aibu, akashukuru, akawasha gari la kukodi.

Orest alikuwa kitandani, upande wa Lesia, amejifunika kila kitu kilichokuwemo kabatini. Uso ulikuwa umebaki pua na macho. Lesia alisimama mlangoni na koti lake, hotuba aliyoitunga njia nzima ikamtoka kichwani.

"Umeungua jua," Orest alisema.

"Umekonda."

"Wanasema nitanenepa dawa zikiisha. Wanasema mengi."

Lesia akaenda jikoni, akapika borshi, supu ya mboga ya kwao, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Akarudi na bakuli, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumlisha. Orest akala kama mtoto aliyekosa.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ningeanzaje? Maisha yote nakwambia vaa sweta, halafu nikupigie niseme nasikia baridi?"

"Ungesema hivyo hivyo."

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo. Halafu ningekuja."

Orest akausukuma kidogo mkono wenye kijiko, akamwangalia.

"Nimevaa sweta nne, Lesia. Hazisaidii kitu. Baridi yenyewe iko ndani, kwenye mfupa. Mwaka ule ulipoumwa ulikuwa unasikia hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Na mimi nikapita nikashusha."

"Ukapita ukashusha."

Hakumfariji. Alikuwa amelisubiri neno hilo muda mrefu mno, hakutaka kuliharibu kwa upole. Orest akalia bila sauti, na Lesia akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamfuta kwa pembe ya shuka.

"Na mimi nisikilize," alisema. "Nilijua humu kuna mtu. Nikamfungia joto, katika baridi hii. Nilisema agande."

"Hukujua ni mimi."

"Nilijua ni mtu, Orest. Sitajidanganya."

"Basi tumelipana."

"Hatujalipana. Tumekoseana wote wawili, hayo ni mambo mengine."

Nje upepo ulikuwa unasugua theluji kwenye ukuta. Orest alikohoa, akavuta blanketi.

"Karatasi za wakili nitasaini. Doreen kaniambia habari za yule bwana. Anasema ni mtu mzuri."

"Ni mtu mzuri. Na karatasi zitakaa huko huko ziliko."

"Sitaki huruma yako."

"Nani kakupa huruma? Nina hasira nawe mpaka masikio yanawaka. Pona kwanza, tutagombana vizuri. Kula."

Akala vijiko vingine viwili, akatosheka. Lesia alipotaka kunyanyuka, Orest akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma.

"Kuna jambo sijakushukuru."

"Lipi?"

"Jumanne sikuja kukaa. Nilimwomba Doreen anipitishe nichukue koti langu la zamani, halafu anipeleke kibandani. Yeye hakutaka, lakini ndivyo nilivyoazimia. Nikafungua mlango, joto likanipiga usoni. Nyumba nzima ina joto, Lesia, na wewe uko Arizona. Nikajua umesikia habari zangu, umeniwashia ukiwa kule kule, bila kusema, maana mimi na wewe hatujui kusema. Nikakaa pale chini mlangoni nikalia. Kama si hilo, ningechukua koti nikaenda kufa ziwani. Sikuwa na nia ya kuishi. Umenirudisha wewe."

Nywele zilimsimama Lesia mpaka kisogoni. Aliona ile Jumapili, kile kipicha kimewaka chumba hiki hiki, theluji haina unyayo, na kidole chake mwenyewe kikishusha, na kushusha, na joto likikataa kushuka. Alikuwa amepigana nalo kwa nguvu zake zote. Aligeuka akaangalia kona ya chumba, upande ule kidude cha ukutani kilipokuwa kinatazama. Hapakuwa na kitu, ila kiti na lile koti la zamani la Orest.

"Si ni wewe?" Orest aliuliza. Sauti yake iliomba jibu moja tu.

Lesia akamvutia blanketi mpaka kidevuni.

"Lala," alisema.

"Lakini ni wewe."

"Lala, Orest. Niko hapa."

Orest akafumba macho. Lesia akavua koti, kisha sweta. Blauzi ilikuwa imemganda mgongoni na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Tangu aolewe hakuwahi kuona joto ndani ya nyumba hii.

"Unatoka jasho," Orest alisema, macho yamefumbwa. "Punguza kidogo. Nitavumilia."

"Hakuna anayegusa kitu," Lesia alijibu, na hakuwa na hakika kama alikuwa anamwambia yeye peke yake. Akapanda kitandani, akamkumbatia kwa nyuma, akakaa hivyo hivyo, anaungua, mpaka pumzi za mumewe zikawa nzito.