Povu Lililobaki Kwenye Paa

Kila alipotoka shuleni, Chapuchapu alipitia kwanza karakana ya mama yake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Majirani ndio waliompa, kwa kuwa alikula chapuchapu, akaoga chapuchapu, na siku moja alideki nyumba chapuchapu hata akamdeki na paka aliyekuwa amelala zake sebuleni.

Mama yake alikuwa fundi wa kushona viti vya magari na maturubai. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani mlikuwa na cherehani kubwa ya sindano nene, vipande vya sponji na mikunjo ya ngozi iliyosimamishwa pembeni. Nje kulikuwa na uwanja wa saruji, bomba la maji, na gari lolote linalosubiri zamu yake. Kazi za Chapuchapu zilikuwa kufagia nyuzi, kuokota sindano zilizoanguka kwa kipande cha sumaku, na kuosha chochote kinachohitaji kuoshwa.

Alasiri hiyo alikuta gari la kinyozi uwanjani. Gari lilikuwa la zamani, la kijani, na paa lake halikuwa la bati. Lilikuwa la kitambaa kizito cheusi, na likifunguliwa lilijikunja nyuma kama mwavuli. Kinyozi alilikodisha kwa maharusi, na alilipenda gari hilo kama mtu anavyopenda yai la mwisho kapuni. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu hata angetaka, asingepata cha kunyoa, maana kichwa chake kilikuwa kipara kitupu.

"Fundi, kofia ya gari langu imeanza kunywa maji," alisema. "Mvua ya juzi imenidondokea shingoni. Na baada ya siku nne nabeba bibi harusi."

Mama alikibonyeza kitambaa kwa vidole. "Hakijachanika. Dawa ya zamani ya kukinga maji imekwisha tu. Tutaliosha, likauke, tulipulizie dawa mpya. Niachie."

Kinyozi alipoondoka, mama alimgeukia binti yake. "Mwanangu, sikiliza. Sabuni laini ya maji, kifuniko kimoja tu kwenye ndoo nzima. Brashi ya nywele laini. Kisha usuuze, usuuze tena, mpaka ukipitisha kiganja hakitelezi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Lakini kifuniko kimoja cha sabuni kilitoa povu la kinyonge, povu lisilo na raha. Kwenye rafu kulikuwa na sabuni ya unga ya kufulia. Chapuchapu alimwaga ndooni kiganja kimoja, akakoroga, akaongeza kingine. Hapo sasa! Povu lilipanda juu ya paa kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Alijipaka ndevu nyeupe kidevuni, akasugua huku akiimba, akajiona fundi mkuu.

Alipoanza kusuuza, maji ya bomba yalikuwa yanatoka kwa kusuasua, na povu lilikuwa halina nia ya kuondoka. Uwanja wa jirani, wenzake walikuwa wameanza kuruka kamba.

"Chapu! Tunaanza bila wewe!"

Alimwagia paa ndoo mbili za haraka. Kwa mbali lilionekana safi.

"Umesuuza mpaka mwisho?" mama aliuliza kutoka ndani, midomo imebana sindano.

"Ndiyo, mama!" Na miguu ilikuwa imeshafika kwenye kamba.

Jua la siku iliyofuata lilikausha paa vizuri. Mama alifunika vioo na bodi kwa magazeti na utepe wa gundi, dawa isirukie rangi ya gari. Alivaa glavu na barakoa, akamfukuza Chapuchapu mbali. "Dawa hii ni ya kitambaa, si ya mapafu ya mtoto," alisema. Akapuliza taratibu, mstari baada ya mstari, kutoka mbele hadi nyuma, kisha akaliacha gari chini ya banda lipate kukauka hadi kesho yake.

Kesho yake Chapuchapu aliporudi kutoka shule, mama alichota maji kikombe kimoja, akayamwaga juu ya paa. Maji yalipaswa kusimama kama shanga, kama yanavyosimama kwenye jani la magimbi. Hayakusimama. Yalienea, yakazama, na kitambaa kikageuka cheusi zaidi kama nguo iliyolowa.

Mama aliweka kikombe chini polepole. "Nimeuziwa maji ya bomba kwenye kopo!"

Chapuchapu alisogea karibu. Kando ya mshono, pale maji yalipopita, vilikuwa vimetokeza vipovu vyeupe, vidogo sana. Alijua vipovu vile vimetoka wapi. Lakini mama hakuviona. Mama alikuwa ameshalichukua kopo la dawa na kuvaa kandambili zake za kutokea.

"Twende dukani. Leo yule muuza rangi aliyeniuzia dawa atanitambua."

Hapo ndipo Chapuchapu alipopata shida ya kweli. Muuza rangi alikuwa baba wa rafiki yake mkubwa, aliyekaa naye dawati moja, msichana aliyeitwa Ngongoti kwa urefu wa miguu. Chapuchapu alimfuata mama nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani alitembea polepole. Angesema nini? Uongo wake mdogo ulikuwa umeshapata mtu wa kuubeba. Ilikuwa rahisi tu kunyamaza.

Dukani, dereva mmoja wa lori alikuwa anachagua brashi, na mama mmoja ameshika kopo la rangi ya ukuta. Nyuma ya kaunta Ngongoti alikuwa anafanya hesabu za shule.

"Bwana Rangi!" mama yake Chapuchapu alianza kabla hajafika mlangoni. "Mimi na wewe tumefahamiana lini, hata uniuzie dawa feki?"

Muuza rangi alivua miwani. "Feki? Fundi, taratibu. Hii dawa mafundi wote wanaichukua hapa."

"Basi mafundi wote tumeliwa! Nimepuliza, limekauka, nimemwagia maji, yamezama yote!"

Dereva wa lori akaingilia. "Ahaa! Ndiyo maana ile rangi niliyonunua hapa imebanduka!"

"Wewe uliipaka juu ya kutu," muuza rangi alisema. "Nilikwambia uikwangue kwanza."

"Usinigeuzie kibao, mzee. Leo kijiweni wote watajua."

Yule mama mwenye kopo la rangi ya ukuta alilirudisha kwenye rafu, akajifanya amekumbuka ameacha kitu jikoni, akatoka. Muuza rangi alimwangalia akienda zake. Mabega yalimshuka.

Ngongoti aliinuka kwenye hesabu zake. Hakumtazama fundi. Alimtazama rafiki yake. "Chapu, mwambie mama yako. Wewe unamjua baba. Baba hauzi vitu vya uongo."

Chapuchapu alimshika mama yake mkono.

"Mama, dawa haina kosa."

"Nini?"

"Dawa ni nzima. Mimi ndiye... Nilitia sabuni ya unga. Nyingi. Na sikusuuza mpaka mwisho. Wenzangu waliniita kwenye kamba nikakwambia ndiyo." Sasa maneno yalitoka kama maji ya bomba lililofunguka. "Nimeona vipovu kwenye mshono, mama. Nimeviona kabla hatujatoka karakana. Nikanyamaza."

Dereva aliacha kuchagua brashi. Hata feni ya darini ilionekana kusikiliza.

Mama alilitazama kopo mkononi mwake, akaliweka juu ya kaunta kwa upole, kama anayemlaza mtoto. Chapuchapu alisubiri kufokewa. Lakini mama aligeukia muuza rangi kwanza.

"Bwana Rangi, nimekuvunjia heshima mbele za watu bila kupeleleza. Naomba radhi mbele ya watu haohao." Kisha akamgeukia dereva. "Na wewe, ukifika kijiweni, hilo nalo ulipeleke. Usiniache nusu."

Dereva alijikuna kichwa. "Sawa, fundi. Na ile rangi yangu iliyobanduka?"

"Kutu ni ya kwako," mama alisema.

Muuza rangi aliketi kwenye kigoda, akashusha pumzi ndefu kama gurudumu lililotolewa vali. "Fundi, umenipandisha presha mpaka utosini." Kisha akacheka, na kicheko chake kikawafungua wote. "Ni hivi, binti. Dawa inafukuza maji. Sabuni ya unga inayakaribisha. Ukiziweka nyumba moja zitagombana, na sabuni ndiyo itakayoshinda."

"Paa limeharibika?" Chapuchapu aliuliza kwa sauti ya sisimizi.

"La! Kitambaa ni kizima. Lisuuzeni sabuni yote itoke, likauke kabisa hadi kwenye mishono, mpulize upya."

Chapuchapu alihisi kama mtu amemtua mzigo wa kuni kichwani.

"Usifurahi mapema," mama alisema. "Harusi ni keshokutwa. Na kinyozi utamwambia wewe, kwa mdomo wako huohuo."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini. Alisikiliza hadithi yote, mkasi umesimama hewani na mteja amenyolewa upande mmoja. "Mawingu ya huko nje umeyaona?" aliuliza.

"Nimeyaona, mjomba. Nisamehe."

Kinyozi alifikiri. "Afadhali umeniambia gari likiwa karakana. Ungeniambia wakati bibi harusi anakamua shela, ningelia mimi. Nenda kasuuze."

Chapuchapu alipofika uwanjani alimkuta Ngongoti ameshakunja mikono ya sweta.

"Umekuja kunicheka?"

"Nitakucheka baadaye. Sasa hivi katikati ya paa nani atapafikia? Wewe hata ukisimama juu ya kiti mikono yako inaishia pembeni. Leta maji."

Walisuuza mpaka vidole vikakunjamana kama vya bibi kizee. Maji yalitoka na povu, yakatoka na povu jembamba, mwisho yakatoka safi. Ngongoti alitaka kuacha. "Bado," Chapuchapu alisema, akaongeza ndoo nyingine, kisha akapitisha kiganja. Hakikuteleza. Mama naye akaja, akapitisha cha kwake, akaguna. Mguno wa mama ulikuwa cheti.

Kesho yake mawingu yalizunguka mchana kutwa kama wageni wasiojua nyumba, lakini upepo ulikuwa mkavu. Mama alibana mshono mmoja mmoja kwa vidole, na aliporidhika alifunika vioo, akavaa barakoa, akapuliza upya.

Asubuhi ya harusi kinyozi alifika amevaa suti. Kikombe cha maji alikimwaga mwenyewe. Maji yalijikusanya yakawa shanga, shanga zikabiringika, zikaanguka chini moja baada ya nyingine. Kitambaa kilibaki kikavu.

"Tazameni!" kinyozi alipiga kelele. "Kama yanavyofanya kwenye kipara changu!"

Mama alicheka hadi akaegemea gari.

Mvua ilianza mchana, tena si ya mchezo. Chapuchapu alikaa mlangoni mwa karakana akiitazama, akimwazia bibi harusi na shela lake. Jioni gari la kijani liliingia uwanjani, na kinyozi akashuka. Suti ilikuwa inachuruzika maji.

Chapuchapu alishika mdomo. "Mjomba! Limevuja?"

"Livuje wapi? Bibi harusi ametoka mkavu kama kiberiti, mpaka shangazi zake wamekuja kuligusa paa. Mimi ndiye niliyelowa. Nilisimama nje kutazama maji yanavyobiringika, nikasahau kuingia." Alifungua mlango wa nyuma. "Ingieni niwazungushe. Fundi, njoo na wewe. Yule mrefu naye tutampitia dukani, akunje miguu."

Muda mfupi baadaye wote walikuwa ndani, magoti ya Ngongoti yakiwa karibu na masikio yake. Mvua ilipiga juu ya vichwa vyao, na hakuna tone lililoingia.

Mama, aliyeketi mbele, aligeuka nyuma.

"Mwanangu, kukosea kusuuza ni kosa la kazi. Kila fundi analo, hata mimi. Kosa la kazi dawa yake ni kurudia. Lakini ukilificha, halikai pale ulipoliacha. Linatafuta mtu mwingine wa kumkalia. Lingemkalia baba wa mwenzako, naye asingejua hata limetoka wapi. Ulichelewa kusema, ila ulisema. Siku nyingine wahi kusema, kama unavyowahi kwenye kamba."

"Nimesikia, mama," Chapuchapu alisema.

"Na mimi nimejifunza langu," mama aliongeza kwa sauti ya chini. "Kupeleleza kabla ya kuvaa kandambili."

Kinyozi alikata kona taratibu. Walikaa wakisikiliza mvua ikibisha hodi juu ya paa, ikibisha na kubisha, ikakosa wa kuifungulia.