Mlio wa Kwanza

Simu ya nyumba ya Abdijabar, mtaani Iftin, ililia mara moja tu, na aliyeipokea hakuwa mtu.

Ilipokewa na kompyuta. Chombo hicho kilikuwa kimetumika miaka mingi katika ofisi ya wafanyabiashara wa mifugo mjini Garissa. Ofisi ilipofungwa, mwaka uliofuata mafuriko makubwa, Abdijabar aliyekuwa karani alikibeba nyumbani ili apate kuletewa bei za ng'ombe na mdogo wake Mursal, aliyekuwa na kompyuta yake Nairobi. Alifungua kifuniko, akachomeka kadi ya modemu na kuiunganisha na waya wa simu, huku akifuata maelezo ya Mursal.

"Iamuru ipokee mlio wa kwanza," Mursal alikuwa amemwambia. "Laini ya huko, walaal, ndugu yangu, ni kama ngamia mzee. Ukichelewa kumpanda, ameshalala tena."

Abdijabar akaandika idadi ya milio: moja. Alifurahi kwamba mikono yake ilikuwa na kazi. Binti yao wa pekee, Idman, alichukuliwa na maji ya mafuriko yale, na tangu hapo nyumba ilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Mkewe, Madino, alipika, alifagia, alijibu salamu. Hakulia hata siku moja.

Aliyepinga ni Eeddo Arbia, shangazi yake Abdijabar, aliyeishi nao.

"Mashine yako haina adabu," alisema. "Mgeni hajapiga hodi ya pili, nayo imeshafungua mlango."

"Ni biashara, Eeddo."

"Sisi tuliochunga ngamia tulifundishwa: ukiitwa mchana wa jua kali, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Binadamu hurudia. Wasio binadamu huita mara moja."

Madino alikuwa akichambua mchele. Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea.

Sasa, simu ilipolia baada ya swala ya adhuhuri, modemu ilipiga ukelele wake na kungoja ukelele wa mwenzake wa Nairobi, lakini haukuja. Kutoka kwenye kipaza sauti kidogo yalisikika maji yakipita juu ya tope. Chumba kikanuka mbuzi waliolowa, ingawa nje vumbi lilikuwa likitimka. Kisha sauti ya mtoto ikasema, "Hooyo."

Yaani, mama.

Laini ilipokatika, Abdijabar alimpigia Mursal. "Ulikuwa wewe?"

"Wallahi sijapiga. Nilikuwa msikitini."

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Madino alisikiliza bila kupepesa jicho, na siku ya tatu akazungumza kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Siku ya maji aliniita. Mara moja. Nikangoja ya pili."

Eeddo Arbia alijifunika mdomo kwa shela. Baadaye akanong'ona, "Huyo si Idman, mwanangu. Amevaa sauti yake tu. Ukimwitikia ataingia, na akiingia hatatoka. Unanisikia?"

"Nakusikia," alisema Madino.

Akaitwa Sheikh Salah, akasoma, akanyunyiza maji pembe zote za nyumba. Abdijabar akafuta ile moja na kuandika tatu. Mchana simu ililia mara moja, ikanyamaza. Jioni ililia mara tatu, na bei za Mursal zikajipanga kwenye skrini.

"Sasa ina adabu!" Eeddo akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu mafuriko mtu alicheka katika nyumba ile.

Ijumaa Abdijabar alirudi kutoka msikitini, na kabla hajavua viatu alisikia maji, akasikia harufu ya mbuzi waliolowa ikimjia toka ukumbini, akamwona Eeddo Arbia amesimama mlangoni kama aliyekatishwa usingizi, midomo yake ikisoma bila sauti, na ng'ambo yake Madino ameketi wima hatua chache mbele ya skrini ambayo juu yake, pale Abdijabar alipokuwa ameandika tatu, palikuwa pameandikwa moja, na mikono yake imetulia mapajani kama mikono ya mtu aliyemaliza kazi.

"Madino," Abdijabar alinong'ona. "Usiseme. Tafadhali, usiseme."

"Hooyo," sauti iliita.

"Naam, mwanangu. Nimekusikia. Njoo."

Abdijabar aling'oa waya ukutani. Maji yakanyamaza. Sakafuni, kutoka mezani hadi alipoketi Madino, nyayo ndogo za tope zilikuwa zimejipanga, zote zikielekea upande mmoja.

Kompyuta ilitolewa nje siku hiyohiyo. Sheikh Salah alirudi, akasoma mpaka kwenye kizingiti cha ukumbi, akakomea hapo. Alizitazama nyayo muda mrefu.

"Aliyevamia hufukuzwa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu amekaribishwa na mwenye nyumba."

Tangu hapo Madino huandaa sahani nne mchana. Ile ndogo huiweka kando yake, akasema bismillahi, akala. Hakuna anayeigusa, wala hakuna anayeitaja. Eeddo Arbia hutazama ukuta. Abdijabar huinamia chakula chake, akitafuna kwa nguvu ili asisikie, na mlo unapokwisha hukusanya vyombo yeye mwenyewe: sahani nne, zote tupu.