Injini ya Marehemu Denzil

Gari lilikuwa la mama yangu. Naanza na hilo kwa sababu Verlin, mume wangu, hupenda kusema "gari langu" mbele za watu. Mama alilinunua likiwa jipya, la otomatiki, injini ya silinda sita, akaliendesha kwenda kanisani na kurudi mpaka alipofariki. Lilikuwa limezeeka, lakini lilikuwa linafika.

Verlin alikuwa analionea aibu. Malori ya makaa ya mawe yalikuwa yanampigia honi kwenye mlima, kwa kupanda polepole. Basi akaenda kwa Opal, mwenye uwanja wa magari mabovu, akarudi na injini ya silinda nane iliyong'olewa kwenye gari la Denzil Combs. Denzil, mtu mrefu kupita mlango, alitumbukia nalo mtoni pale kona ya Tolliver, amelewa chakari, na hakutoka hai.

Huku kwetu kwenye milima ya Kentucky, injini ya gari lililoua haifungwi kwenye gari jingine hivi hivi. Unakwenda kwanza kwa wafiwa. Aliyekuwa karibu zaidi na marehemu anaweka kiganja juu ya chuma, anasema, "Nimeitoa." Ndipo inawashwa. Akikataa, inapelekwa kuyeyushwa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Opal alimuuliza Verlin kama amefika kwa Velda, mjane wa Denzil. Verlin akasema ndiyo.

Hakwenda.

Aliniambia mwenyewe, mikono imejaa grisi, anacheka.

"Yule mama angelia weee, kisha akatae, nami nikose mashine kama hii? Chuma ni chuma, Arlene."

"Hilo ni jambo la kuuliza, Verlin."

"Kaulize wewe basi. Mimi nimeshawasha."

Jioni ile unga wa mahindi uliniishia, nikachukua gari kwenda dukani. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima. Giaboksi Verlin aliiacha ile ile ya mama, haina ubavu wa injini ile, kwa hiyo kila gia ilikuwa inaingia kwa mshtuko. Nilikuwa namlaani mume wangu kwa sauti, peke yangu.

Kwenye njia panda nikakanyaga breki. Gari la otomatiki ukiachia breki husogea lenyewe, kila mtu anajua. Lakini mimi sikuwa nimeachia. Nilikuwa nimekandamiza mpaka goti linauma.

Likasogea.

Polepole... likakata kushoto, njia ya kwa Velda. Usukani ulikuwa unazunguka viganjani mwangu na sikuweza kuuzuia. Harufu ikanijia. Tumbaku ya kutafuna... pombe kali... na matope ya mtoni. Nikasukuma gia hadi N, gia huru. Likaendelea. Nikachomoa ufunguo.

Injini ikaendelea kuunguruma.

"Mama," nikasema, mtu mzima mimi.

Likasimama uani kwa Velda. Honi ikalia, na sikuwa nimeigusa. Fupi. Fupi. Ndefuuu...

Taa ya barazani ikazimwa.

Nilifungua mlango nikaruka nje, nikakimbilia barazani, nikaanguka kwa magoti mbele ya gari. Velda akatoka, mwanamke mwembamba, sweta kalifunga mpaka shingoni. Hakunitazama. Alikuwa anatazama boneti.

"Ni yake," akanong'ona. "Nani kaiwasha?"

"Mume wangu. Nisamehe, dada..."

"Mbona hamkuja kuniuliza?"

Akashuka barazani, akaisogelea boneti.

"Ningekataa," akasema. "Akirudi amelewa alikuwa anapiga honi hivyo hivyo. Natoka, ananipiga hapa hapa uani. Aliniapia hata akifa atanifuata."

"Weka mkono sasa. Sema umeitoa."

Akaweka. Kiganja kizima, juu ya boneti. "Nimeitoa, Denzil. Nenda."

Injini ikazimika. Nikashusha pumzi.

Kisha ikawaka tena, kwa kishindo, na taa za mbele zikanimulika mimi pale chini.

"Inuka, mama," Velda akaninong'oneza. "Akinikosa mimi humpiga aliye karibu."

Goti nililokandamizia breki lilikataa kunyooka. Gari likasogea hatua moja. Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe...

Velda akaingia.

Nilimwita. Alifunga mkanda kama mtu anayekwenda dukani, akatazama mbele, nalo likaondoka naye. Huyo ni mwanamke ambaye mume wangu hakutaka kumbishia hodi.

Asubuhi walilitoa mtoni, kona ya Tolliver. Velda alikuwa kwenye kiti cha abiria, mkanda umefungwa. Sherifu alisema aliiba gari. Velda hakujua kuendesha. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, na mimi ni mfupi. Sherifu alinisikiliza akakuna shingo, akaenda kuzungumza na wengine.

Verlin alisimama ukingoni. Nilidhani atalia. Nilidhani walau ataniomba radhi.

"Injini imeingia maji?" akamuuliza mtu wa winchi. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Itakauka. Na safari hii hakuna hata wa kumwomba ruhusa."

Nilimchukia pale pale, mbele za watu, na sijaacha.

Sasa injini iko bandani kwetu. Anaifungua na kuifunga kila jioni, na ananiita nikamshikie taa. Katika ndoa yetu yote, Verlin hakuwahi kuniinulia mkono. Jana nilichelewa kidogo, akanipiga.

Kabla ya kunipiga aliniita Velda.